Kansa ya Damu Inaweza Kurudi Kama Uvimbe

Tuseme kuna mtoto wa kiume wa miaka 7. Alipokuwa na miaka 4 aliugua sana. Homa ilikuja na kuondoka. Viganja vilikuwa vyeupe. Damu ilimtoka puani, na usiku alilia kwamba miguu inamwuma ndani ya mifupa. Zahanati walimpa dawa ya malaria mara mbili, haikusaidia. Mwishowe akapelekwa hospitali kubwa. Damu ikapimwa, wazazi wakaambiwa mtoto ana kansa ya damu.

Akatibiwa kwa muda mrefu, zaidi ya miaka miwili. Nywele zikanyonyoka, kisha zikaota tena. Akarudi nyumbani. Sasa anacheza mpira na huenda malishoni na kaka zake.

Siku moja mama yake anamwogesha. Anaona korodani moja imekuwa kubwa kuliko ya pili. Akiishika ni ngumu.

"Inauma?"

"Haiumi, mama."

Anamwita mama mkwe wake. "Mama, hebu tazama hapa."

"Ah, hii ni ngiri tu, mwanangu. Hata baba yake alikuwa nayo."

Jirani anasema mtoto alipigwa na mpira. Baba anasema tungoje tumalize kuvuna, kisha tutaona. Basi, mtoto anakula, anacheza, wala hasikii maumivu. Nani atauza gunia la mahindi apande basi kwenda mjini kwa ajili ya kitu kisichouma?

Ndugu msomaji, huenda bibi amesema kweli, ikawa ni ngiri. Lakini kwa mtoto aliyewahi kuugua kansa ya damu, uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa ni ugonjwa ule ule. Umerudi, ila safari hii umepita mlango mwingine. Wengi wetu hatujui kwamba jambo hili linawezekana. Tunajiuliza: kansa ya damu iko kwenye damu, sasa itakuwaje uvimbe?

Kiwanda kilichomo ndani ya mifupa

Ukivunja mfupa wa mbuzi uliochemshwa, ndani unakuta kitu laini chenye mafuta. Watoto hugombania kukinyonya. Kitu hicho huitwa uboho. Wengine husema uroto. Na sisi binadamu tunao, na kazi yake ni kubwa. Uboho ndicho kiwanda cha damu.

Kiwanda hiki hutengeneza chembe za namna tatu. Kuna chembe nyekundu, ambazo huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Kuna chembe nyeupe, ambazo ni askari wa kupigana na vijidudu. Tena kuna vipande vidogo sana vinavyogandisha damu mtu akijikata. Chembe hizi zote ni ndogo mno. Mtaalamu huziona kwa hadubini, ile mashine ya vioo inayokuza vitu vidogo.

Katika kansa ya damu, kiwanda huharibika. Kinaanza kutoa chembe nyeupe zisizokomaa. Ni kama jeshi la watoto wachanga: wapo wengi, lakini hawajui kupigana. Huzidi kuongezeka na kujaza nafasi yote ndani ya mfupa. Chembe nzuri hukosa mahali pa kukaa, kama mahindi yaliyosongwa na magugu. Ndiyo maana mgonjwa huwa mweupe kwa kukosa damu, hupata homa kila mara kwa kukosa askari, na damu humtoka ovyo. Mifupa huuma kwa sababu imejaa kupita kiasi.

Madaktari huuita ugonjwa huu lukemia. Jina hilo lilitolewa na daktari wa Ujerumani, Rudolf Virchow, mwaka 1847. Lina maana ya damu nyeupe. Lukemia ziko za namna nyingi. Nyingine huenda polepole. Nyingine huenda mbio, na kama hazikutibiwa huua kwa wiki au miezi michache. Katika zile za mbio, mbili ndizo hutajwa zaidi: ile ya limfu, ambayo ndiyo ya kawaida kwa watoto, na ile ya mieloidi, ambayo hupata watu wazima zaidi, lakini watoto nao huipata.

Tuseme mapema jambo moja, maana linaleta ugomvi vijijini. Ugonjwa huu hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kulala naye kitanda kimoja. Tena hakuna mtu aliyeutuma.

Damu hupita kila mahali

Sasa turudi kwenye uvimbe. Damu haikai ndani ya mfupa. Inapotoka kiwandani inazunguka mwili mzima, kuanzia utosini mpaka kwenye ukucha wa mguu. Chembe mbovu nazo husafiri humo humo. Zikipata mahali pa kutua, hutua. Zikitua hukaa na kuzaana. Zikizaana sana pamoja, hapo unapata uvimbe.

Uvimbe wa namna hii ulianza kuandikwa zamani, hata kabla lukemia haijapewa jina. Mwaka 1811 daktari wa Scotland, Allan Burns, alieleza juu ya uvimbe uliokuwa na rangi ya kijani. Kweli, kijani kama jani! Baadaye ukaitwa kloroma, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kijani. Rangi hiyo hutokana na kitu fulani kilichomo ndani ya chembe za lukemia ya mieloidi. Uvimbe ukipasuliwa na kuachwa kwenye hewa, rangi hufifia. Si kila kloroma ni ya kijani, lakini jina limebaki.

Wala jambo hili si la Ulaya tu. Mwaka 1965 madaktari wawili, Davies na Owor, waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza juu ya uvimbe huo kwa watoto wa Uganda. Katika nchi zetu uvimbe huu umeonekana sana nyuma ya jicho. Jicho la mtoto linasukumwa nje, linatokeza kama la chura. Mzazi anadhani ni ugonjwa wa macho. Kumbe ni lukemia ya mieloidi, na wakati mwingine damu yenyewe bado haijaonyesha dalili yoyote.

Hapo inafaa kuwa mwangalifu, maana jicho au uso wa mtoto huweza kuvimba kwa kansa nyingine pia. Iko kansa ya jicho lenyewe, ambayo mara nyingi huanza kwa mboni kung'aa nyeupe. Iko na ile kansa ya taya ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliieleza mwaka 1958. Kwa macho matupu mtu hawezi kuzitenganisha kwa uhakika. Hata daktari hawezi. Ni lazima kipande kidogo cha uvimbe kichukuliwe kikatazamwe kwa hadubini. Dawa zake hazifanani, kwa hiyo ukikosea jina umekosea na dawa.

Mahali pa kujificha

Kuna swali hapa. Kama mtoto alipewa dawa kali zikapita kwenye damu yake yote, na damu ikapimwa ikaonekana safi, chembe mbovu zilibaki wapi?

Swali hili liliwasumbua hata mabingwa. Mwaka 1948 Sidney Farber, daktari wa Boston huko Marekani, aliwapa watoto wenye lukemia dawa iliyoitwa aminopterini. Baadhi yao walipata nafuu, jambo ambalo halikuwa limeonekana kabla ya hapo. Lakini nafuu ilikuwa ya muda mfupi, kisha ugonjwa ukarudi. Miaka iliyofuata dawa nyingine zikapatikana. Moja ni vinkristini. Hii hutolewa katika mmea wa maua ya waridi au meupe, asili yake Madagaska, na siku hizi hupandwa kama pambo mbele ya nyumba katika nchi nyingi za joto. (Usikimbilie kuchemsha majani yake. Mzigo mkubwa wa majani hutoa dawa kidogo mno, na mmea wenyewe una sumu. Kiwandani dawa hiyo husafishwa, kisha hospitali huipima kwa uzito wa mgonjwa.)

Mwaka 1962 ilifunguliwa hospitali ya watoto ya St. Jude, katika mji wa Memphis, Marekani. Wakati huo, katika watoto 100 wenye lukemia ya limfu, waliopona walikuwa 4 tu. Madaktari wa pale, wakiongozwa na Donald Pinkel, walianza kuchanganya dawa kadhaa kwa pamoja. Watoto wakapata nafuu kubwa, damu ikawa safi, uboho ukawa safi. Wazazi wakafurahi.

Halafu mambo mapya yakaanza. Mtoto aliyekuwa mzima anaamka asubuhi akilalamika kichwa. Anatapika bila kuumwa tumbo. Mwingine anaona vitu viwili viwili, au mdomo unakwenda upande. Mwingine anashikwa na kifafa. Damu ikipimwa ni safi. Lakini maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yalipochukuliwa na kutazamwa, chembe za lukemia zilikuwa zimejaa humo.

Sababu yake ni hii. Ubongo una mlinzi. Mishipa midogo ya damu iliyoko kichwani imefungwa vizuri, haipitishi kila kitu. Mungu ameuweka ulinzi huo ili sumu isiingie ubongoni. Lakini mlinzi huyu hajui kubagua sumu mbaya na sumu ya kututibu. Dawa nyingi za kansa ni sumu, basi anazizuia mlangoni. Chembe za lukemia, zilizokwisha kuingia mapema, zinabaki ndani zikiwa salama kama panya waliojificha kwenye makuti ya paa wakati wewe unafukiza ghalani.

Basi mwaka 1967 Pinkel na wenzake walianza mpango mwingine. Hawakungoja kichwa kiume. Walitibu ubongo mapema, mtoto akiwa bado hana dalili: kichwa kilipigwa mionzi, na dawa iliyoitwa methotreksati ikapitishwa kwa sindano ya mgongoni, moja kwa moja kwenye yale maji. Kwa njia hiyo mlinzi alizungukwa. Karibu nusu ya watoto wa mpango huo walipona. Siku hizi, katika nchi zenye hospitali nyingi, karibu watoto 90 katika 100 wenye lukemia ya limfu hupona. Watoto wengi hawapigwi tena mionzi ya kichwa, kwa sababu ilidhuru akili na ukuaji wao. Hupewa dawa kali zaidi za mshipa pamoja na zile sindano za mgongoni.

Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao. Wengine hufika wamechelewa, dawa nyingine hukosekana, na wengine huacha matibabu katikati. Hilo la mwisho liko mikononi mwetu kuliko yale mengine.

Habari ya sindano ya mgongoni

Maneno mengi husemwa juu ya sindano hii. Eti hupoozesha. Eti mtoto hatazaa. Kuna wazazi waliotoroka wodini usiku, mtoto mgongoni, kwa kuiogopa.

Shika kiuno chako nyuma, chini kidogo, usawa wa mkanda. Sindano huingia hapo. Kamba nene ya mishipa ya fahamu, ile inayopita ndani ya uti wa mgongo, inaishia juu ya hapo. Chini yake kuna maji na nyuzi nyembamba zinazoelea. Sindano huingia kwenye maji. Mtoto anaweza kuumwa kichwa baadaye, kwa hiyo huambiwa alale kidogo na anywe maji. Mgonjwa aliyepooza katika lukemia mara nyingi amepoozeshwa na ugonjwa wenyewe, pale uvimbe unapoota kando ya uti na kuibana ile kamba.

Sindano hii hutolewa mara nyingi, hata mtoto akionekana mzima kabisa. Mzazi anauliza, "Mbona damu ni safi, bado mnamchoma ya nini?" Wanamchoma kwa sababu ya wale panya wa kwenye paa.

Korodani, na aibu yetu

Mahali pa pili pa kujificha ni korodani. Nako kuna mlinzi anayezuia dawa nyingi zisipite vizuri. Ndiyo maana mtoto wa kiume huweza kumaliza matibabu yote, akakaa mwaka mmoja au miwili bila shida, kisha korodani moja ikaanza kuvimba. Mara nyingi haiumi. Huwa ngumu, nzito, imejaa. Pengine zote mbili huvimba. Tangu dawa zilipoongezwa nguvu, jambo hili limepungua, lakini halijakwisha.

Ngiri na busha hufanana nalo. Busha ni maji. Mganga wa zahanati akizima taa na kumulika kwa tochi, busha hupitisha mwanga ukawa mwekundu. Uvimbe mgumu haupitishi. Lakini tochi hiyo isitumike nyumbani kumaliza shauri. Kwa mtoto aliyewahi kuugua lukemia, shauri humalizwa na hospitali.

Hapa pana shida nyingine ambayo hatupendi kuitaja. Mtoto mdogo huogeshwa na mama, kwa hiyo mama ataona. Je, kijana wa miaka 13? Huyo hamvulii nguo mama yake. Korodani ikivimba atanyamaza. Ataona aibu, au ataogopa kwamba amefanya kosa fulani. Anaweza kukaa nayo miezi. Kazi hiyo ni ya baba, au mjomba, au kaka mkubwa. Amwite kando, amwambie waziwazi: "Ulikuwa na ugonjwa wa damu. Ugonjwa ule unaweza kujificha huku chini. Kila mwezi jishike uone kama zimebadilika. Zikibadilika uniambie siku hiyo hiyo, hutagombezwa." Akina baba wengi huikwepa kazi hii. Wanaona ni maneno ya hospitali. Lakini daktari humwona kijana baada ya miezi kadhaa, wewe unamwona kila siku.

Sehemu nyingine

Ugonjwa unaporudi nje ya uboho hauchagui sehemu mbili hizo tu. Ngozi inaweza kutoa vinundu vigumu, visivyowasha, vyenye rangi ya zambarau au nyekundu, au rangi ya ngozi yenyewe. Ufizi unaweza kuvimba mpaka ukafunika meno. Hiyo huonekana zaidi katika lukemia ya mieloidi. Matezi ya shingoni, kwapani na kwenye kinena yanaweza kukua. Kwa wanawake, ziwa linaweza kupata uvimbe.

Dalili ya mgongo isingoje hata siku moja. Mgonjwa akiumwa mgongo, kisha miguu ikawa mizito au yenye ganzi, au akashindwa kujizuia mkojo, mpelekeni siku hiyo hiyo hata kama ni sikukuu. Uti ukibanwa kwa muda mrefu miguu hairudi tena.

Kuna pia wagonjwa waliopandikizwa uboho wa mtu mwingine, kwa kawaida ndugu. Kazi hiyo ilianzishwa na E. Donnall Thomas wa Marekani, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Uboho mpya huleta askari wapya, nao huwinda mabaki ya lukemia. Askari hao hulinda mifupani vizuri zaidi kuliko sehemu za mbali. Kwa hiyo hata kwa wagonjwa hawa ugonjwa unaweza kutokea kama uvimbe, huku uboho ukionekana mzima.

Ukikata jani, kiazi hubaki

Mkulima anaijua ndago. Unapita na jembe, unakata, shamba linaonekana safi. Baada ya wiki imesimama tena, maana kiazi chake kidogo cheusi kimebaki chini. Tena imetoka hatua tatu kutoka pale ulipokata.

Uvimbe wa lukemia uko hivyo. Pengine umeonekana mahali pamoja tu, na uboho ukipimwa unaonekana safi. Lakini mara nyingi chembe chache zimekwisha kusambaa, chache mno hata hadubini haizioni. Akiukata daktari na kuishia hapo, baada ya miezi ugonjwa hutokea kwenye uboho. Kwa hiyo hata kwa uvimbe mmoja mgonjwa hutibiwa mwili mzima. Huanza tena dawa za mshipa na sindano za mgongoni, na pengine mionzi pale penye uvimbe. Wazazi huona ni ukatili: uvimbe ni mdogo kama yai la njiwa, mtoto analazwa kama alivyolazwa mara ya kwanza. Sababu yake ni kile kiazi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuchanja uvimbe kwa wembe au kuuchoma moto ni hatari. Mgonjwa wa lukemia huweza kukosa vile vipande vya kugandisha damu. Ukimkata, damu inaweza kukataa kusimama. Na askari wake wakiwa wachache, kidonda kidogo humletea homa ya kuua. Mimi sitagombana na mtu anayekwenda kuombewa au kutafuta faraja kwa wazee. Nagombana na wembe, na ile miezi inayopotea.

Je, ugonjwa ukirudi ndiyo basi? Hapana. Ni vigumu kuliko mara ya kwanza, tusidanganyane. Lakini katika lukemia ya limfu, watoto ambao ugonjwa wao ulirudi kwa kuchelewa, na ukarudi kwenye korodani au kwenye ubongo peke yake, wana nafasi nzuri kuliko wale ambao umerudi kwenye uboho mapema. Wengi wao hutibiwa tena wakapona. Kloroma ya mieloidi ni ngumu zaidi, nayo pia hutibiwa, na ikiachwa huenda mbio.

Mambo ya safari

Nauli ni mzigo, wala maneno matamu hayaiondoi. Anayeishi Kigoma au Mtwara hawezi kwenda mjini kila anapohisi kitu. Kwa hiyo yako mambo ya kuuliza kabla hujaondoka hospitali mara ya kwanza. Uliza jina kamili la ugonjwa, liandikwe. Uliza dawa zilizotumika na tarehe ya mwisho. Uliza namba ya simu ya wodi au kliniki. Mwone mtu wa ustawi wa jamii hapo hospitali, mweleze umbali wa kwenu, ujue kama kuna msaada wa safari au mahali pa kulala. Ukiona uvimbe, piga simu kwanza, hata kwa simu ya jirani. Huenda wakakuambia upite hospitali ya mkoa, au uende moja kwa moja kule kunakotibiwa kansa za watoto, kama Muhimbili au Bugando.

Siku za kliniki zisirukwe hata mtoto akiwa na nguvu za kupanda miti. Daktari atamshika shingo, tumbo na korodani. Atamtazama macho na ufizi. Atauliza juu ya kichwa na kutapika. Mara nyingine damu huwa safi na kidole cha daktari ndicho kinachokuta ugonjwa.

Karatasi za hospitali zitie kwenye mfuko wa nailoni, uzitundike mahali ambapo mchwa na mvua havifiki. Wengi wamefika zahanati mikono mitupu, na mhudumu mgeni asiyejua habari za nyuma akaandika ngiri, akaandika jipu, akaandika malaria.

Yule mama wa mwanzo asingoje mavuno. Achukue karatasi zake, ampeleke mtoto kesho asubuhi. Na akifika, kabla hajaulizwa chochote, aseme hivi: "Mwanangu alitibiwa kansa ya damu. Sasa korodani imevimba na haiumi."